Injini imechemka Kitonga: nifufue au ninunue ya mtumba?

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nina Toyota IST ya 2004, injini yake ni 1NZ. Mwezi uliopita tulikuwa tunakwenda Iringa msibani, watu watano na mizigo. Tukiwa katikati ya Kitonga taa nyekundu ya temperecha ikawaka. Pale huwezi kusimama hovyo, malori yako nyuma yako, nikasema ngoja nimalize mlima. Kabla hatujafika Ilula gari likaishiwa nguvu, likazima lenyewe. Vijana wa pale wakafungua rejeta wakamimina maji baridi. Likawaka, lakini linamisi, linatoa moshi mweupe, na maji kwenye chupa ya akiba yanatoa mapovu. Tukalirudisha Morogoro juu ya bredauni.*

*Fundi wangu wa siku zote anasema hedi imepinda na gasketi imeungua, atafanya kwa 650,000. Fundi wa pili anasema injini ikishachemka hivyo haiponi tena, ninunue nyingine Dar kwa 1,700,000 na ufundi wake 300,000. Shemeji yangu anasema niliuze lilivyo. Sina hela ya kukosea mara mbili. Nifanyeje?*
— Mwalimu, Kihonda, Morogoro

Marahaba mwalimu, na poleni kwa msiba.

Washauri wako wawili wamekupa bei, na kwa maelezo yako hakuna aliyelegeza hata bolti moja. Hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, kwenye 1NZ ni ya aluminiamu, na gasketi ndiyo inayoziba kati yake na bloku, mwili wa injini wa chini. Kiwango cha mwisho ambacho Toyota wanakubali uso wake uwe umepinda ni milimita 0.05, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari unalosahihisha. Kupinda kwa kiasi hicho hakuonekani kwa macho wala hakusikiki kwa sikio. Anayesema imepinda bila kuweka rula ya chuma na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, anabahatisha, na anayesema haiponi bila kufungua anabahatisha kwa hela nyingi zaidi. Bei ya namna hiyo ni ya kukuingiza gereji tu. Gari likishakuwa vipande vipande mezani ndipo utakapoambiwa bei yenyewe, na hapo huna pa kukimbilia.

La kwanza, usiliwashe tena. Najua kila anayepita anataka asikie linavyounguruma. Kama maji yameingia kwenye oili, kila dakika injini inapozunguka beringi za krenki, yaani vikalio vya ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zinasagika, na hizo ndizo zitakazoamua kama unafufua au unanunua. Mwambie fundi wako amwage oili kwenye beseni safi mbele yako. Ikitoka nyeusi ya kawaida, nusu ya hofu imeondoka. Ikitanguliwa na maji, au ikiwa na povu la rangi ya maziwa, maji yamepita. Chekecha hiyo oili kwenye kitambaa cheupe uangalie kama kuna vipande vinavyometameta. Vumbi jepesi la chuma kwenye injini ya umri huo si ajabu, lakini ukiona magamba ya rangi ya fedha au shaba, beringi zimeanza kwenda.

La pili, ambalo hakuna aliyekuambia katika hao watatu: nini kilichemsha gari? Kitonga ni mlima mkali, lakini magari madogo yanaupanda kila siku na kufika Iringa salama. IST nzima haichemki pale kwa sababu ya watu watano. Kuna kitu kilikuwa kimekufa kabla hujatoka Morogoro, na mlima ukakitangaza. Inaweza kuwa feni haizunguki. Inaweza kuwa wota pampu inavuja taratibu na wewe unaongeza maji kila Jumamosi bila kujiuliza yanakwenda wapi. Inaweza kuwa mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ndogo kabisa: ule mpira wake ndio unaobana presha ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100, na ukichakaa presha inatoka. Mara nyingi ni rejeta yenyewe, imeziba kwa kutu na magadi kwa sababu miaka yote imewekewa maji ya bomba badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea. Angalia maji yaliyotoka. Kama ni ya kahawia, umeshapata sehemu ya jibu.

Halafu kuna temostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kwenye 1NZ inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Mafundi wengi wa kwetu wanaing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi hii ni ya joto, haihitajiki. Mimi hoja hiyo siikubali hata kidogo. Injini isiyo na temostati inachelewa kupata moto, kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumimina petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi, zile pete za pistoni, zinalika. Muulize fundi wako wa siku zote kama ya kwako ipo. Uso wake utakujibu kabla ya mdomo.

Nasisitiza hili kwa sababu injini ya mtumba ya 1,700,000 ikifungwa kwenye rejeta ileile iliyoua ya kwanza, itakufa vilevile, tena safari hii huenda usifike hata Mikumi.

Sasa vipimo. Kabla ya kufungua hedi, fundi atoe plagi zote nne na kupima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda. Injini hiyo ikiwa mpya inasoma kama psi 213, na kiwango cha chini cha kiwandani ni 156. Silinda zisipishane kwa zaidi ya psi 14 hivi. Andika namba zote nne kwenye karatasi, ubaki nayo. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini na nyingine mbili nzima, hiyo karibu kila mara ni gasketi iliyoungua katikati yao, na ni habari njema. Zikiwa zote nne chini, amimine kijiko cha oili kwenye kila silinda apime tena. Ikipanda kwa kishindo, tatizo liko kwenye ringi na kuta za silinda. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Kipimo hiki ni kazi ya nusu saa na kifaa chake si cha bei. Gereji isiyokuwa nacho haina haki ya kukushauri ununue injini.

Baada ya hapo ndipo hedi ifunguliwe, na uwepo. Hedi iende kwa watu wa mashine, isisawazishwe kwa msasa juu ya kioo pale gereji. Huko wataiosha, wataipima nyufa kwa presha, na kama imepinda kidogo wataiskimu, yaani watakwangua uso wake unyooke. Hedi ikiwa huko, wewe na fundi angalieni kilichobaki kwenye gari. Rula ileile ya chuma ilazwe juu ya bloku: kwa urefu, kwa upana, kisha kwa mshazari pande zote mbili. Nayo mwisho wake ni milimita 0.05. Halafu chungulia ndani ya silinda. Ukuta wa silinda nzima una mistari myembamba iliyopishana, iliyowekwa kiwandani ili oili ishike. Ukiiona bado, furahi. Ukiona michirizi ya kushuka chini, pitisha ukucha kwa mlalo. Ukucha ukikwama, pistoni ilivimba kwa joto ikakwaruza ukuta.

Vipimo vikishatoka, uamuzi unajileta wenyewe.

Kama bloku imenyooka, kuta nzima na hedi inaskimika, fufua, wala usisikilize mtu. Ila ile 650,000 iandikwe ina nini ndani yake. Nataka uone humo gasketi kamili za juu, bolti mpya za hedi, kuskimu, wota pampu kama inavuja, temostati, mfuniko wa rejeta, kusafisha rejeta au kuibadilisha, kulanti, na oili na filta mara mbili, kwa sababu ya kwanza unaimwaga baada ya siku chache ili itoke na uchafu. Injini hiyo inachukua lita 3.7 tu. Bolti za hedi zinakazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kisha zinazungushwa nyuzi 90 na nyuzi 90 tena, ndiyo maana zinavutika, na za zamani zilizokwisha kuvutika hazibani sawasawa. Fundi akikuambia anakaza kwa uzoefu wa mkono, mshukuru, tafuta mwingine. Ukijumlisha vyote hivyo bei inaweza kufika laki tisa au kuizidi kidogo. Bado ni nafuu kuliko milioni mbili, na unabaki na injini unayoijua tabia.

Kama bloku ni nzima lakini hedi imepasuka au imepinda kupita kuskimika, kuna njia ambayo hakuna aliyekutajia: nunua hedi peke yake. Wauza injini wa Ilala na Gerezani wanazo, kwa sababu injini nyingine zinaletwa zikiwa zimeharibika chini na juu ziko salama. Nayo ipelekwe kwa mashine kupimwa kabla hujalipa yote.

Kama bloku yenyewe imepinda, au ukuta umekwaruzwa, au beringi zimeshaacha magamba kwenye oili, hapo fundi wako wa pili amepata hata kama hakupima. Bloku ya 1NZ ni ya aluminiamu yenye silivu, yaani kuta za silinda, nyembamba za chuma ndani yake. Haikutengenezwa kwa ajili ya kutanuliwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kama tulivyokuwa tukifanya kwa 2L na 3L za Hiace, ambazo bloku zake ni chuma kitupu. Wapo mafundi wa mashine wanaong'oa silivu na kuweka mpya, na kazi yao naiheshimu, lakini kwa injini iliyojaa sokoni namna hii hesabu haikubali. 1NZ imo kwenye IST, Probox, Fielder, Allion, Premio ya 1.5, Raum, Spacio. Wingi huo ndio unaokulinda kwenye bei.

Ukifika huko kununua, nenda na fundi, lakini si yule atakayelipwa cha juu na muuzaji. Nalisema waziwazi kwa sababu linauma wengi: gereji nyingi zinapata kamisheni kwa kila injini wanayompeleka mteja kununua, na ndiyo sababu kubwa ya kusikia "haiponi" kabla hata bonneti haijafunguliwa. Mlipe fundi wako ujira wa siku, ajue kwamba hata msiponunua kitu kalipwa.

Dukani, fungua mfuniko wa oili uingize tochi. Chuma cha ndani kiwe cha rangi ya shaba au asali. Kikiwa kimegandiana masizi meusi mazito, mwenye gari kule Japani hakuwa anabadilisha oili. Toeni plagi zote, muangalie tundu moja moja kama lina kutu, dalili kwamba injini imekaa mvuani. Wekeni spana kwenye puli ya krenki muizungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Iende nzito kwa mpangilio, isikwame mahali. Na mpime kompresheni pale pale kwa starta na betri ya kuazima. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekujibu.

Angalia pia sehemu ya kuingizia hewa. 1NZ za mwanzo zinavutwa kwa kebo kutoka kwenye pedeli, za baadaye zinafunguliwa kwa umeme. Ukinunua isiyofanana na ya kwako utahamisha vitu vya juu kutoka injini ya zamani, kwa hiyo usikubali kuacha injini mbovu dukani kwa ahadi ya kupunguziwa bei mpaka mpya iwe imefungwa na imewaka. Risiti iwe ya EFD, ile mashine ya kodi, iandikwe namba ya injini na muda wa kujaribu, kwa wino. "Ukiona tatizo rudi tu, sisi tupo" si dhamana.

Ukinibana niseme nakuonaje kwa barua tu: ingekuwa ni mapovu na moshi mweupe peke yake, ningeweka dau kwenye gasketi. Kinachonitia shaka ni kwamba gari lilizima lenyewe, ambayo inaweza kuwa dalili ya pistoni kubana, na yale maji baridi kwenye chuma cha moto, ambayo yanapasua hedi. Kwa hiyo tenga hela ya kufungua na kupima kwanza, na hiyo nyingine usiiahidi kwa mtu.

Shemeji yako nimemwacha mwisho. Kuliuza lilivyo ni sawa kama bodi nayo imeoza na gia boksi inateleza. Vinginevyo mnunuzi atakukata bei ya injini nzima, kisha atafanya gasketi na kulitembeza barabarani wiki ijayo. Na bima, maana najua utauliza, hata kama ni kubwa, kwa kawaida haigusi injini iliyochemka yenyewe bila ajali.

*Fundi, habari za kazi. Naendesha watalii hapa Arusha, gari ni Prado yenye 1KZ, dizeli. Hedi imepasuka kati ya valvu, nimeonyeshwa kwa macho yangu. Mmoja anasema ataichomelea na itakuwa nzima. Mwingine anasema hii injini ni laana, nitoe niweke 5L nisahau shida. Msimu unakaribia.*
— Dereva, Sakina, Arusha

Salama kaka. Umeshika injini ambayo sifa yake inajulikana toka Arusha mpaka Lubumbashi. 1KZ-TE chini ni ngumu: bloku ya chuma, krenki imara. Juu ina hedi ya aluminiamu inayobeba joto la dizeli na tabo, ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada, na ikichemka tu, nyufa zinatokea hapo hapo ulipoonyeshwa. Kwa hiyo usiitupe nzima kwa kosa la nusu yake ya juu.

Kuchomelea sikushauri. Ufa wa pale uko kwenye moto mkali kuliko mahali pengine popote kwenye injini, na kiraka na hedi havipanuki kwa mwendo mmoja. Utaenda nalo Karatu na kurudi, halafu siku una wageni ndani litakuachia njiani. Hedi ya mtumba nayo ya injini hii siipendi, maana ile uliyoletewa huenda ilitolewa kwenye gari kwa sababu ileile. Nunua hedi mpya. Zipo za viwanda vya nje ya Toyota, ubora unatofautiana, na tofauti ya bei ni kubwa. Kabla haijafungwa ipelekwe ipimwe presha, ndiyo, hata ikiwa mpya ndani ya boksi.

Jambo ambalo mafundi wengi wanaruka: gasketi za hedi za dizeli hii zina madaraja ya unene, na zinatofautishwa kwa vikato vidogo pembeni. Daraja linachaguliwa kwa kupima kila pistoni inatokeza kiasi gani juu ya uso wa bloku ikifika juu kabisa, kwa dayo geji, ile saa ya kupimia. Fundi akichukua gasketi yoyote iliyopo dukani, ama kompresheni itapungua na gari liwe gumu kuwaka asubuhi ya baridi ya kwenu, ama pistoni ikaribie mno hedi. Muulize amepima kiasi gani. Kama hana namba, hajapima.

Kuhusu 5L: ujazo ni karibu sawa, 2,986 dhidi ya 2,982, lakini 5L haina tabo. Ni injini ya Hiace na Hilux, haina makuu, haisumbui. Prado lililojaa wageni na mizigo ukianza kupanda ukingo wa Ngorongoro utajuta kila kona. Ongeza kubadilisha vishikizo, waringi na taarifa za kwenye kadi, na msimu umekuacha. Fanya hedi, badilisha rejeta na klachi ya feni kwa pamoja, na funga geji ya temperecha ya kweli yenye namba. Mshale wa kiwandani unakaa katikati kwa muda mrefu hata joto likianza kupanda, ukija kusogea umechelewa.

*Mzee, mimi ni dereva wa teksi Mwanza. Premio yangu ina 1ZZ, inakula oili. Haivuji chini, haina moshi wa kutisha, ila kila nikiangalia dipstiki iko chini. Fundi anasema ringi zimekufa, tubadilishe injini. Inatembea vizuri tu, nashangaa.*
— Wa Nyakato

Unashangaa kwa haki. Injini inayotembea vizuri haibadilishwi kwa sababu ya dipstiki.

1ZZ za miaka ya mwanzo zilizaliwa na ugonjwa huu. Pistoni zake zina matundu machache na madogo ya kurudishia oili chini, yakiziba kwa masizi ringi ya oili inaganda, na oili inapanda ikaungua pamoja na petroli. Toyota wenyewe walikuja kubadilisha pistoni. Kwa hiyo fundi wako hakosei chanzo, anakosea dawa.

Kwanza ujue inakula kiasi gani. Jaza mpaka alama ya juu, gari likiwa limesimama sawa na injini imepoa, andika kilomita. Ukifikisha 1,000 jaza tena mpaka alama ileile na pima umeongeza kiasi gani kwa chupa yenye mistari. Vitabu vya magari mengi ya Toyota vinakubali mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000. Mimi naona huo ni ukarimu uliopitiliza, lakini ndio mstari wa kuanzia. Ukiwa nusu lita, endelea na kazi, tembea na galoni kwenye buti, na angalia dipstiki kila unapoweka mafuta. Hesabu oili hiyo kwa mwezi, linganisha na bei ya injini. Utaona inachukua muda gani kufikiana.

Halafu badilisha valvu ya PCV, ile inayonyonya mvuke wa oili kurudisha kwenye hewa. Ni ya bei ndogo, na ikikwama inasababisha ulaji uleule. Angalia pia moshi unatoka lini. Ukitoka mara unapowasha asubuhi kisha ukakata, ni sili za valvu, zinabadilishwa bila kuteremsha injini. Ukitoka kila unapokanyaga kwa nguvu gari likiwa na mzigo, ni ringi.

Ukizidi lita, fungua, weka pistoni na ringi za toleo la baadaye, kuta zikiwa nzima. Kununua 1ZZ ya mtumba ya miaka ileile ni kununua ugonjwa uleule kutoka kwa mtu mwingine. Kama lazima ununue, tafuta ya kuanzia 2005 kuendelea.

Wa kumwonea huruma kwa gari hili ni yule anayeacha oili ishuke mpaka taa iwake. Taa ya oili inaonyesha presha, haionyeshi kiasi. Ikiwaka ukiwa barabarani, beringi zimeshaanza kukauka, na hapo ndipo injini inanoki na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inatoka kupitia ubavu wa bloku. Hilo ndilo pekee ambalo nalihukumu bila kupima.

*Fundi, niko Mombasa. Nimeshabadilisha injini ya Probox yangu, inafanya kazi poa. Kuna haja ya kwenda ofisi yoyote, ama ni mambo ya kunisumbua?*
— Msomaji, Likoni

Haja ipo, ndugu yangu. Namba ya injini iko kwenye logbook yako. Ikitofautiana na iliyo kwenye chuma, siku ya kuuza mnunuzi atakimbia, siku ya ajali bima itapata sababu, na askari akiamua kufungua bonneti utaanza kujieleza. Kwenu ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, unaomba kubadilisha taarifa za gari na linakaguliwa. Kwetu Tanzania ni TRA, mamlaka ya mapato, pamoja na ukaguzi wa polisi. Peleka risiti ya ulikonunua yenye namba ya injini, na nakala ya karatasi za forodha kama muuzaji alikupa. Kama hakukupa, rudi kwake wiki hii, maduka ya injini yanahama.